Kitambaa cha Mama

Jana, kwenye dirisha la duka la fanicha hapa Louisville, niliona meza ya Kiitaliano ya mbao halisi, nikavuka barabara.

Nilipokuwa mtoto, Mama alikuwa akisafisha nyumba ya mwanamke wa Kizungu, yenye meza kama ile, inayonukia nta. Kwetu meza nzuri haiachwi uchi, basi Mama akaifumia kitambaa cheupe, akakitandika juu. Mbele yetu, mwenye nyumba alikiinua kwa ncha za vidole viwili, akakiweka kwenye kitanda cha mbwa.

“Mama, amekipenda! Kampa mbwa wake alalie!” nilisema.

“Eeh, kakipenda. Vaa viatu,” alijibu bila kunitazama.

Nami mwenye haya, nisiyewahi kusema na Mzungu, nilimfuata yule mwanamke, nikamwambia asante kwa Kiingereza. Akatabasamu. Mpaka leo nikitamka neno hilo nahisi manyoya ya mbwa ulimini.