Petroli Niliyoiokoa Baada ya Tinde

Nichekeni, lakini nisikilizeni hadi mwisho. Enzi za ushirika, mimi na Masanja tulisomba pamba kwa pikapu, kila mmoja na tela lake, kutoka Segese hadi Shinyanga. Yake ilikuwa ya dizeli, yangu ya petroli, na kila siku nilibisha kwamba yangu hainywi mafuta hata ikivuta mzigo.

Siku hiyo mama mkwe aliomba lifti. Kwetu Wasukuma mama mkwe hakai ubavuni mwa mkwewe, basi akapanda telani, juu ya magunia. Nami kwa adabu nikakigeuza kioo cha pembeni, nisimtazame.

Tulipopita Tinde gari likawa jepesi ajabu. Nikapiga mluzi. Nilipofika Shinyanga nikachovya kijiti kwenye tangi, nikawaita wapima pamba.

"Oneni petroli ilivyobaki, na nimevuta tela!"

"Tela lipi?" mmoja akauliza.

Kabla sijageuka, Masanja akaingia taratibu, dizeli yake ikivuta matela mawili. Juu ya lile langu alikaa mama mkwe, mwavuli wazi.

Nikainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Petroli yako itunze. Kesho nitarudi na Masanja."