Nilijifunza kupasua kwa miwani ya VR, halafu nikapewa mgonjwa anayesikia

Wakuu, habari za kazi. Haya yamenikuta mwenyewe, na shahidi wangu bado anauza omena, wale dagaa wa ziwani, kule kisiwani Remba.

Mimi ni daktari kijana katika hospitali moja Homa Bay. Kwa muda mrefu kazi yangu thieta, chumba cha upasuaji, ilikuwa kushikilia kidonda kibaki wazi huku Daktari Boke, mpasuaji wetu pekee, akifanya kazi yenyewe. Mama huyo akisafiri, wagonjwa wa ngiri wanarudishwa nyumbani kusubiri. Iliniuma sana.

Ndipo nikapelekwa Migori kwa mafunzo ya upasuaji wa VR.

Unavaa dude usoni, unashika rimoti mbili, na mbele yako amelala mgonjwa wa kompyuta. Hana jina, hana ndugu mlangoni, na ukikosea unabonyeza tu anaanza upya, mzima kabisa.

Siku ya kwanza niliaibika. Kwetu kisu hakigusi mtu kabla Sista Atieno, muuguzi wetu wa thieta, hajaomba Mungu. Basi nikainamisha kichwa, nikasubiri maombi. Mashine ikaandika kwamba daktari hayupo. Halafu nikanyoosha mkono nipewe kisu, nikabaki hivyo kama mtu anayeomba lifti, wenzangu wakicheka.

Lakini nikazoea, wakuu. Nikawa moto.

Kilichonifurahisha zaidi: ukimaliza na kifaa, unakiachilia tu hewani, nacho kinarudi chenyewe kwenye trei. Raha iliyoje. Jioni moja hotelini niliachilia kikombe cha chai vivyo hivyo. Nikasingizia uchovu.

Nikarudi Homa Bay na alama za juu. Daktari Boke akanipa ngiri ya kwanza, yeye akisimama kando. Alinieleza wazi kwamba ikienda vizuri nitakuwa nafanya mwenyewe. Isipoenda, narudi kushikilia kidonda.

Mgonjwa alikuwa Mzee Okoth, mchuuzi wa omena. Alidungwa sindano ya mgongo, kwa hivyo kiunoni kwenda chini hakuhisi kitu, lakini masikio yalikuwa kazini. Pazia ndilo lililomzuia kuona. Sista akaomba, tukaitikia amina, nikakata.

Mambo yalienda sawa. Nilikuwa karibu kufunga, nikamaliza na koleo, nikaliachilia hewani.

Halikurudi kwenye trei.

Sakafu yetu ni ya vigae, na ule mlio ulisikika hadi nje. Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya mzee, ya upole kabisa.

"Nyathina, mwanangu, hiyo kitu imeanguka, ni yangu?"

Wakuu, mpasuaji akicheka mkono unatikisika, na mkono wangu ulikuwa ndani ya mtu. Niliuma midomo chini ya barakoa mpaka machozi yakanitoka. Nikamwambia ni koleo tu. Hakuridhika. Ilibidi muuguzi mwingine aliokote, azunguke pazia, amwonyeshe. Mzee akaagiza likae pale pale machoni pake mpaka nimalize.

Nikamaliza, nimelowa jasho. Daktari Boke alikagua mshono uzi kwa uzi, nikajua kwisha mimi. Halafu akasema nimeshona vizuri, atanipa mwingine, mradi mgonjwa mwenyewe akubali.

Hapo ndipo penye shida, kwa sababu habari ilishafika wodini. Jamaa wa kitanda jirani, ngiri pia, alikataa kusaini fomu ya kukubali nimpasue. Alisema daktari wa kuangusha vitu asimguse, heri amngoje Boke. Nikaanza kukunja fomu yake, nimevunjika moyo kabisa.

Mzee Okoth akageuka kitandani, polepole kwa sababu ya mshono.

"Wacha akufanyie," akamwambia. "Huyu anaangusha vitu, lakini si yako."

Jamaa akasaini.

Nilichojifunza ni kwamba ile miwani ni nzuri, ilinipa mkono. Lakini mgonjwa wa kompyuta hajawahi kuniuliza swali, na siku hizi kila kifaa nakirudisha mkononi mwa Sista kwa adabu zote.

Waliopitia hiyo miwani, tuambieni na nyinyi mliangusha nini.