Pasi Aliyoiita Basi

Wajukuu wangu, wanaoniita ayeyo, yaani bibi, hunicheka kwa sababu ya timu ya taifa. Wao wanashabikia timu za Uingereza, zile zinazoshinda. Wakinikuta nimekaa mbele ya runinga nikiingoja Kenya icheze mechi ya kufuzu, wanasema, "Ayeyo, hiyo timu itakuua na presha." Nawaambia wakae au watoke, lakini wasisimame mbele ya runinga.

Najua historia ya timu hiyo kuliko wanavyodhani. Kabla ya Uhuru ilikuwa ikicheza na majirani, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Baada ya Uhuru ikaanza kutafuta njia ya kufika fainali za Afrika. Ilifika mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kabla ya hapo ilijaribu ikashindwa, na jaribio mojawapo ndilo ninaloandika hapa. Sitaandika nani alifunga na nani alikosa. Naandika kwa sababu kaka yangu aliitwa Nairobi akaonekane, na hakufika. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo nitasema nilichoona, na nilichoambiwa nitasema niliambiwa.

Tulikaa Garissa, kwenye bulla, yaani mtaa wetu, nyuma ya maduka. Baba alikuwa amefariki. Mama na mimi tuliuza maziwa ya ngamia kwenye hoteli ya Mwarabu mmoja mzee aliyekuwa na redio. Kaka yangu alichunga ng'ombe wa amu yetu, tuliyemwita adeer, na jioni alicheza mpira na timu ya mji. Timu hiyo ilikuwa mchanganyiko wa ajabu: makarani kutoka bara, polisi wawili, fundi wa magari, na vijana wetu wanne au watano. Kocha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mkristo kutoka bara, mtu mpole aliyepiga filimbi kana kwamba anaomba radhi.

Shida ilikuwa lugha. Sisi katika Kisomali hatuna sauti ya p. Tunaisema b, na wengi wetu hata tukiisikia hatuitofautishi. Kaka yangu alipokuwa peke yake upande wa kushoto na anataka mpira, alipiga kelele, "Basi! Basi!" Makarani walisimama. Walidhani anasema mchezo uishe, au kuna mtu ameumia. Mwalimu alimkalisha chini akamfundisha.

"Sema pasi."

"Basi."

"Funga midomo halafu utoe pumzi. Pa. Pa."

"Ba. Ba. Mwalimu, mimi naona nasema fizuri."

Mwishowe mwalimu alichoka. Akawaambia wale wengine, "Sikilizeni. Kuanzia leo, katika timu hii, basi ni pasi." Wakazoea. Hata yule fundi, Mkamba, akawa anapaza sauti, "Basi! Basi!" uwanja mzima.

Kisha vita vikaja. Wapo waliotaka mkoa wetu ujiunge na Somalia, wakaingia porini na bunduki. Serikali ikawaita shifta, yaani majambazi, na haikuchukua muda jina hilo likatuenea sote, mchungaji na mwenye duka, mzee na mtoto. Hali ya hatari ikatangazwa. Wanajeshi wakajaa mjini. Mifugo ikapigwa risasi. Hakuna mtu wetu aliyeruhusiwa kutoka mkoani bila pasi ya kusafiri.

Wanajeshi nao walikuwa na timu. Siku moja wakacheza na timu ya mji, na watu wote wakaenda kutazama, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kutazama isipokuwa malori. Kipindi cha pili, kaka yangu akakimbia pembeni, akainua mkono, "Basi! Basi!" Mabeki wawili wa jeshi wakasimama wima. Mpira ukamfikia, akafunga.

Sajini aliyekuwa nahodha wao akamwendea refa mbio. "Refa! Huyu amesema basi!"

Refa, karani wa ofisi ya wilaya, akasema, "Amesema. Mimi sijapuliza."

"Ametudanganya! Amesema mchezo basi!"

Kaka yangu akashangaa kweli. "Afande, mimi sikusema basi. Nimesema basi."

Uwanja ukaangua kicheko. Hata mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, alicheka hadi akashikilia pindo la shuka yangu. Sajini naye akacheka. Baada ya mechi alimnunulia chai pale hotelini, na tangu siku hiyo alipopita bulla yetu na lori aliita kutoka juu, "Wewe Basi! Bado unadanganya watu?" Naandika hili kwa sababu lilitokea. Alikuwa mwanajeshi wa vita vile vile, na alikuwa hivyo. Baadaye kikosi chake kilihamishwa upande wa Eldas, hatukumwona tena.

Mwalimu alipokwenda likizo Nairobi, alizungumza na watu waliokuwa wakitafuta wachezaji kwa mechi za kufuzu. Fainali zilikuwa zifanyike Ethiopia, kwa jirani, na ilisemekana timu itahitaji damu mpya. Aliporudi alikuja nyumbani kwetu na baiskeli yake, akakataa kuketi. "Wanasema nimlete wamwone," alimwambia mama. "Hawajasema watamchukua. Wamesema wamwone."

Mama akaniuliza kwa Kisomali, "Wamwone nini? Mgonjwa?"

Adeer alipopata habari alikuja amekasirika. Ng'ombe wake wengi walikuwa wameuawa na askari kisimani.

"Utavaa nguo yao?" alimuuliza kaka yangu. "Utawachezea hawa?"

"Adeer, ng'ombe wamewaua. Mguu wangu hawajauua."

"Ukifunga watasema Mkenya. Ukikosa watasema shifta."

"Nitafunga."

"Na porini watasema nini? Watasema umeuza ndugu zako."

Kaka yangu alikuwa anasugua kiatu chake kwa mafuta ya ng'ombe. Hakuinua kichwa. "Watu wa porini wanasema mimi si Mkenya. Watu wa ofisi wanasema mimi si Mkenya. Wote wamekubaliana, isipokuwa mimi. Kwa nini wasiniulize mwenyewe?"

Adeer alitoka bila kuaga. Mimi nilikuwa nasafisha vibuyu vya maziwa kwa moshi, na nakumbuka nilitamani kupiga makofi.

Mwalimu alimpeleka ofisini kuomba pasi ya kusafiri. Niliambiwa na mwalimu mwenyewe yaliyosemwa huko. Karani wa dirishani, si yule refa, aliuliza, "Nairobi kufanya nini?"

"Kucheza mpira."

"Na nani?"

"Na Kenya."

"Pamoja na Kenya, au dhidi ya Kenya?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Kaka yangu akasema, "Jezi mtanipa ninyi. Mtaona nimeelekea goli gani."

Walimpa. Alirudi nayo ndani ya mfuko wa shati, na kila saa aliugusa ule mfuko kana kwamba una kifaranga.

Kabla ya siku yake ya kusafiri, lori la jeshi lilikanyaga bomu la ardhini barabarani. Asubuhi iliyofuata askari walizunguka bulla. Hawakuwa wale tuliowazoea. Wanaume wote waliamriwa kutoka, wakakalishwa kwenye mchanga pale mnadani, mikono kichwani. Sisi wanawake tulisimama nyuma ya ua wa miba. Mimi nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

Askari alikuwa anapita mstari kwa mstari akichagua watu. Alipomfikia kaka yangu, kaka yangu alitaka kumwonyesha karatasi. Alishusha mkono mmoja kwenda mfukoni akasema kwa sauti, kama alivyozoea uwanjani, "Afande! Basi! Nina basi!"

"Basi?" askari akasema. "Unaniambia mimi basi?"

"Ndiyo, afande. Basi. Basi ya Nairobi."

"Shifta anaamrisha jeshi! Eti basi!" Akampiga na kitako cha bunduki. Kaka yangu akaanguka, akainuka, na nilimsikia akijaribu. Aliifunga midomo kama mwalimu alivyomfundisha. Ikatoka ile ile. Akapandishwa lori pamoja na wengine.

Watu wa Garissa wa umri wangu husimulia kwamba herufi moja ndiyo iliyomuua kaka yangu. Wanaisimulia vizuri, wanatikisa vichwa. Mimi naikataa hadithi hiyo. Kwenye lori lile alipandishwa pia mwenye duka aliyesoma Nairobi, aliyesema pasi, polisi, papai na kila kitu sawasawa kama mtangazaji. Naye hakurudi. Herufi haina kidole cha kufyatua bunduki. Aliyemuua ni aliyemuua, na aliyemtuma, na sitakubali wajifiche nyuma ya ulimi wetu.

Mwalimu aliendesha baiskeli kwenda kambini kuuliza. Alirudi na uso uliovimba, hakusema nini kilimpata, akasema tu, "Hawataki nirudi." Baadaye chifu alikuja. Alisema kaka yangu alikutwa porini na bunduki, akapigwa risasi, na kwamba alikuwa shifta. Sisi sote tulikuwa tumemwona akichukuliwa mnadani. Chifu naye alijua. Maiti hatukupewa. Chifu alisema pia kwamba hairuhusiwi kufanya mkusanyiko wa matanga kwa shifta, na kwamba ni heri tusilitaje jina lake nje, kwa usalama wetu.

Kwetu mtu akifa, watu huja, humshika mkono mfiwa na kusema, "Samir iyo iimaan," Mungu akupe subira na imani. Bila hilo mama alikuwa kama mtu aliyesimama mlangoni asiyejua aingie au atoke. Hakulia. Alikaa akingoja watu ambao walikuwa wamekatazwa kuja.

Mwarabu wa hoteli ndiye aliyepata njia. Alituma mke wake amwambie mama, "Timu ya taifa inacheza alasiri. Mechi ya kufuzu. Serikali inapenda watu wasikilize timu ya taifa. Leta maziwa."

Tulikwenda na vibuyu. Hoteli ilikuwa imejaa kuliko nilivyowahi kuiona. Wanawake, ambao kwa kawaida hawakai hotelini, walisimama ukutani. Mwalimu alikuwepo, na yule fundi, na refa. Adeer aliketi karibu na redio ingawa hakuwahi kusikiliza mechi hata moja. Mtangazaji alikuwa na mdomo mwepesi. Kila alipopandisha sauti mpira ukikaribia goli, watu waliinuka kama mashabiki, na katika kelele ile mmoja alimfikia mama, akamshika mkono, akamwambia maneno yake, akapita. Kona, mtu mmoja. Faulo, watu wawili. Fundi Mkamba alikuja, akayasema kwa Kisomali kibovu kabisa, na hapo ndipo mama alipolia.

Inspekta wa polisi aliingia na askari wawili. Mwarabu hakupunguza redio.

"Mkutano gani huu?"

"Mpira, bwana," Mwarabu akasema. "Kenya inacheza."

Inspekta alizungusha macho. "Na huyu mama analia nini? Tumefungwa?"

Wakati ule ule mtangazaji alipiga ukelele mkubwa, sijui wa bao au wa mpira uliopita nje, na katika hoteli nzima hakuna aliyeinuka.

"Mbona hamshangilii?" inspekta akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mnasikiliza timu ya taifa au mnafanya nini?"

Mimi nilikuwa msichana, na kwetu msichana hasemi mbele ya wanaume wengi hivyo. Lakini nilimtazama adeer na adeer alikuwa anatazama mikono yake. Nikasema, "Tunasikiliza. Lakini mwenzetu hayumo."

"Mwenzenu nani?"

Mama alinishika mkono, na sikujua kama ananizuia au ananishikilia nisianguke. Nikalitaja jina la kaka yangu. Nikataja la baba yake, na la babu yake, yote matatu, kama jina la mtu linavyotajwa kwetu anapokuwa mtu kamili. Tangu achukuliwe halikuwa limetajwa nje ya kuta zetu.

Inspekta alilijua. Niliona. "Huyo alikuwa shifta," akasema.

"Alikuwa winga wa kushoto," nikasema. "Aliitwa na hawa wanaocheza sasa. Pasi yake ilitoka ofisini kwenu."

Mwalimu akasimama. "Ni kweli. Mimi ndiye niliyempeleka kuichukua." Na yule refa, karani wa serikali, mwenye kazi ya kupoteza, naye akasimama. Alisimama tu, akabaki hivyo.

Inspekta alitutazama. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Akawaambia askari wake jambo kwa lugha yao, akatoka, wakamfuata. Wiki ile ile refa alihamishwa Banissa, mbali kabisa, na mimi niliitwa kambini mara kadhaa kuulizwa maswali, na kila mara nilijibu maneno yale yale. Lakini hayo yalikuja baadaye. Alasiri ile, inspekta alipotoka, adeer aliinuka, akafika kwa mama, na hakungoja mtangazaji apandishe sauti. Akamshika mkono akasema, "Samir iyo iimaan," kwa sauti kamili, ya kusikika hadi barabarani. Nyuma yake wengine wakapanga mstari.