Ramani niliyonunua ikiwa tayari, na nyumba ambamo mama hakuwahi kulala

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na sijipambi popote.

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu Suna, Migori. Mimi ndiye kifungua mimba, na nilimwahidi mama yangu mjane nyumba ya mawe kwetu Karungu.

Nikaenda Homa Bay kwa architect aliyesajiliwa. Akaniambia fee yake ni asilimia ya gharama ya ujenzi, na humo kuna kuchora na kuja site kukagua kila hatua.

"Lakini mwalimu, kwanza nikuje nione udongo."

Nikamcheka. Udongo niliolima tangu utotoni, nimlipe mtu aje kuuangalia? Nikatoka nikimwita mwizi mwenye tai.

Suna kulikuwa na jamaa anayeuza ramani zilizokwisha kuchorwa, muhuri umeshagongwa. Nikachagua moja, ya nyumba ya mjini.

(Nichekeni tu, ruksa.)

Nikabomoa nyumba ya mama ya udongo ili mpya ikae palepale. Kwetu mlango wa mama lazima uangalie lango la boma, na mama mwenyewe aliutaka hivyo, lakini ramani ilikuwa na mlango upande mwingine. Fundi akaigeuza nyumba nzima. Maji ya paa yakawa yanamwagika upande wa juu wa mteremko na kutuama chini ya ukuta. Msingi haukuwa na kina, na udongo wetu ni ule mweusi unaovimba ukilowa.

Masika moja tu, kabla mama hajahamia, ukutani kukawa na ufa wa kuingiza mkono.

Nikarudi Homa Bay nimenywea. Yule yule "mwizi" akaja, akazunguka nyumba, akasoma ramani. Hakunisuta.

"Ramani iko sawa, mwalimu. Lakini ni ya nyumba ingine, kwa shamba ya mtu mwingine. Mama asilale hapa."

Mama akabaki jikoni, kibanda cha moshi alimokuwa akilala tangu nibomoe nyumba yake. Nilipomwomba msamaha alisema, "Wuoda, mwanangu, wacha tu. Hapa kuna joto." Iliniuma kwamba hakunigombeza.

Alifariki kabla sijajenga upya. Kwa mila yetu, marehemu hulazwa ndani ya nyumba yake, lakini hakuna aliyethubutu kuingiza jeneza mle. Tukamweka nje, mbele ya mlango unaoangalia lango, kama alivyoutaka.

Wakuu, asiyefika kwenye udongo wako hajakuchorea kitu. Unayeona fee ya architect ni wizi, andika hapa chini. Nitakujibu bila matusi, maana hata mimi nilisema hivyo hivyo.