Tulivyoifundisha kompyuta Kiturkana bila salamu, Lodwar 2012

Wakuu, heshima kwenu, pamoja na nyie mnaosoma kimya kimya bila kulog in.

Kila wiki naona uzi mpya humu kuhusu kompyuta zinazoelewa lugha, na watu wanashangilia. Mimi nilifanya hiyo kazi Turkana kabla haijawa fashion. Nawaambia ilivyokuwa, na sina haja ya kuongeza chumvi, ni chungu tayari.

Mimi ni mtu wa Kitale. Mwishoni mwa 2012 nilipata contract Lodwar, kwenye mradi mdogo wa utafiti. Bosi tulimwita Dokta. PhD aliisomea ng'ambo na hakukuacha usahau.

Mradi wenyewe: mfugaji akiona mbuzi wanaugua, anapiga simu kwa mulika mwizi yake, kale kasimu ka tochi, anasema kwa Kiturkana ni mnyama gani na ana dalili gani. Kompyuta inatambua maneno, inatuma SMS kwa afisa wa mifugo, afisa anakuja na dawa. Huhitaji kujua kusoma, wala kutembea kutwa nzima hadi Kakuma.

Idea nzuri. Hadi leo nasema ilikuwa nzuri.

Kwa wasiojua, neural network huipi sheria za lugha. Unailisha sauti za watu, inakisia, inakosea, inajirekebisha, hadi izoee neno gani hufuata lipi. Ni kama mtoto. Akilelewa kwenye nyumba ambayo hakuna anayesema asante, usimtarajie aseme asante kwa jirani.

Aliyetupa sauti nyingi zaidi ni dada mmoja wa Lodwar, Akiru, muimbaji wa kwaya kanisani kwetu. Alikuwa anarekodi kwenye kichumba tulichotundika magodoro ukutani kuzuia kelele. Feni tunazima ili isisikike. Joto la Lodwar mnalijua, au mmelisikia.

Hakulalamika. Mama yake alikuwa na mbuzi upande wa Kakuma, ng'ambo ya Tarach, ule mto wa mchanga mtupu unaojaa ghafla. Alikuwa anaishi peke yake huko. Mbuzi hao ndio waliomsomesha Akiru na ndio chakula cha mama. Kwake hii line haikuwa research.

Sasa tatizo likaanzia hapa.

Mturkana haanzi na shida. Anaanza na salamu, ejok, unamjibu ejok. Anauliza watu, mifugo, mvua, na wewe unauliza. Hayo yakiisha ndipo shida inatajwa. Recording zetu zote zilikuwa hivyo. Hata Akiru, peke yake mle ndani, alikuwa anaisalimia mic kwanza.

Na network za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu fupi. Maneno yakiwa mengi, ikifika kwenye ugonjwa ishasahau mnyama ni gani. Dokta akaagiza salamu zote zikatwe.

Nikamwambia sawa, tukate, lakini basi tuweke sauti ya Akiru iwajibu watu kwanza. Wakishasalimiana ndipo mashine ianze kusikiliza. Haikuwa kazi kubwa.

"Kijana, hii ni research, si redio ya kijiji," akasema. "Tutawafundisha watu waende straight to the point."

Wazo hilo nililirudia kwenye mkutano, nikalirudia kwa email. Akaniambia nimeanza kuwa na maneno mengi kama wao. Alisema hivyo Akiru akiwa amekaa pale pale.

Siku ya demo wageni walikuja na magari yao. Akiru akaambiwa aseme mbuzi, kikohozi, kamasi, basi. SMS ikaingia. Makofi, picha, soda baridi.

2013 tukaiwasha line Kakuma, wakati serikali za county ndiyo zinaanza na kila mtu mdomoni ni county tu. Mimi nikarudishwa Lodwar kuchora graph za ripoti.

Simu ziliingia, wakuu. Mtu anasema ejok, anangoja. Mashine kimya. Anarudia ejok. Kimya. Anakata. Mashine haikuwahi kufundishwa salamu, ikaziandika zote kuwa simu tupu, na hakuna aliyetumwa kuzisikiliza.

Dokta akaandika kwenye ripoti kwamba wafugaji wa Kakuma hawajawa tayari kwa teknolojia. Niliisoma hiyo sentensi nikataka kuipasua laptop.

Msimu huo mbuzi wa mama Akiru walishikwa na ugonjwa wa mapafu. Karibu wote waliisha. Dawa ilikuwa Kakuma mjini, na afisa amekaa nayo anangoja SMS.

Akiru akaja ofisini. Dokta alikuwa Nairobi kwenye seminar, kwa hiyo alinikuta mimi.

"Ndugu, mama nasema alipiga simu," akaniambia. "Alisalimia, huyo mtu yenu akanyamaza. Alisalimia tena, akanyamaza. Mama nasema, mtu kama anakataa salamu yako, shida yako utampatia namna gani?"

Nikaanza kumweleza habari za network na kumbukumbu fupi. Aliniacha nimalize.

"Mimi nilisalimia hiyo kitu kila siku," akasema. "Hiyo salamu yangu mlipeleka wapi?"

Akaondoka.

Line ilifungwa. Contract yangu haikuongezwa. Dokta alitoa paper kwa data ile ile na akapanda cheo. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo walivyosema wazee, lakini mimi roho bado inaniuma na sitajifanya imepoa.

Nililojifunza ni hili. Mkiambiwa mashine imejifunza lugha yenu, ulizeni nini kilikatwa, na aliyekata ni nani. Kilichoitwa kelele ofisini kwetu ndicho kilikuwa mlango wa kuingilia.

Kabla sijahama Lodwar nilimkuta Akiru sokoni na mama yake. Mama sasa anauza vikapu vya mkoma, kwa sababu hana tena cha kuchunga. Nikasema ejok.

Mama akaniangalia, akaendelea kupanga vikapu. Nikarudia ejok. Akiru naye kimya. Nikaenda zangu.

Haya, uwanja ni wenu, hasa mliowahi kufanya miradi kama hii. Ila ukija ku-comment, tafadhali nisalimie kwanza.