Bweni la Kula

Juma lililopita nilimsindikiza mpwa wangu chuo cha ualimu, karibu na Thika. Wasichana wapya walijaa barazani na masanduku yao, wakingoja kujua watalala bweni gani. Karani, mtu wa kwetu Ruiru, akatoka na kofia yenye vikaratasi, akatangaza: "Bweni ni kwa kula!"

Alitaka kusema kura. Lakini sisi wa huku, r na l hubadilishana viti mdomoni.

Mama mmoja wa Gatuanyaga, aliyemleta bintiye, akaketi chini, akafungua kiondo, akatandaza leso na kupanga viazi vitamu na nduma. "Haya, njooni mle tupate bweni!"

"Mama, si kula," karani akalia, "ni kula!"

"Nimesikia, baba. Si tunakula?"

Kando alisimama msichana aliyetoka magharibi kwa gari la moshi peke yake. Hakumjua mtu yeyote hapo. Mama akammegea kiazi. "Na wewe huli? Unataka kulala nje?"

Msichana akacheka, akaketi ubavuni mwa mpwa wangu.

Kofia ilipofika, wote waliozunguka leso wakakataa kuchota. Walitaka bweni moja. Karani akaitazama kofia, akavitazama viazi, akachukua kimoja.

"Basi," alisema akitafuna, "kula imepita."

Namshukuru Mungu kwa ulimi wa karani yule. Angetamka sawasawa, yule msichana angepata kitanda tu.