Nilikimbia Nipone, Wakanizika Ningali Hai

Ninyi mnaonisikiliza, mnivumilie. Mwili umepona, hasira bado.

Wakati ule tulikuwa bado mkoa wa Mbeya, kabla haujagawanywa. Nilikuwa na mgahawa karibu na mpaka, hapa Tunduma, madereva wa malori wakila kwangu huku wakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Nilikuwa mnene, na kila mtu alinisifu. "Mama Atu umenawiri, mume anakutunza!" Hakuna aliyeuliza kwa nini nahema nikipanda ngazi mbili tu. Miguu ilivimba, ukibonyeza, kidole kinaacha shimo. Siku moja niliinama kupuliza moto, nikaona giza, nikaanguka kando ya sufuria la mchuzi.

Daktari alinipima, akatikisa kichwa. "Mama, presha hii itakuua. Dawa utameza, lakini punguza chumvi na mafuta, na ufanye mazoezi."

"Daktari, nasimama jikoni kutwa nzima."

"Kusimama si mazoezi."

Nikaanza kutembea asubuhi kuelekea eneo la Mpemba, kisha kukimbia. Kukimbia gani! Nguzo ya umeme hadi nguzo, halafu nakaa chini kukohoa. Mapaja yalichubuka hadi damu. Ukucha wa dole gumba ukang'oka. Na kwetu mama mtu mzima akikimbia barabarani, kuna msiba. Watu walitoka majumbani, "Nani amekufa?" Bibi mmoja alinifuata akilia kabisa, kanga kichwani. Nilipomwambia ni mazoezi, alinitukana.

Miezi ikapita, presha ikashuka, daktari akafurahi. Mji haukufurahi. Mpakani hapa ukikonda una ugonjwa mmoja tu. "Ameukwaa," wakasema, yaani nina ukimwi. Madereva wakaacha kula kwangu. Majirani wakaniletea uji wa mgonjwa, mimi niliyetoka kukimbia hadi Mpemba na kurudi! Wifi yangu akapanda gari kutoka Itumba, akamwambia mume wangu mbele yangu, "Kaka, mrudishe kwao akafie huko."

Mume wangu alikataa. Lakini jiko lilikuwa linakufa, akasema, "Mama Atu, si ulipima ukimwi hospitali ukakutwa huna? Tubandike majibu mlangoni, watu warudi."

Karibu nikubali. Dada aliyenioshea vyombo ndiye aliyeniletea gundi. Yeye alikuwa na virusi kweli, akimeza dawa, na mimi peke yangu nikijua. Ameshahamia mbali, ameniruhusu niseme.

"Bandika, mama," akasema. "Watoto watakula nini?"

"Na wewe siku wakikushuku, utabandika nini?"

Akainamisha uso kwenye beseni. Sikubandika. Nilipika chakula kidogo, kikabaki, tukala wenyewe, kesho yake nikapika tena. Wateja walirudi taratibu, walipochoka kungoja nife. Hakuna hata mmoja aliyeniomba radhi, na wifi hadi leo anasema aliniombea.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na mume wangu aliyesimama nami. Wewe unayeanza, anza na nguzo moja. Paka mafuta mapajani. Dawa ya presha usiiache mpaka daktari aseme.

Na mkimkuta mama lishe amekonda, msimpime kwa macho. Muulizeni leo kapika nini, mkae, mle.